Kustaafu kabla ya wenzako: nani anakungoja saa tatu asubuhi?

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Asanteni kwa kuja na joto hili la kaskazi, najua kuna waliovuka feri kuja hapa Mombasa.

Nimeambiwa nisizungumze sana mambo ya pesa sababu kuna mwenzangu atakuja kuyazungumza, kwa hivyo ntagusa mawili matatu tu halafu niyaache. La kwanza, NSSF yako, ile akiba ya uzeeni uliyokuwa ukikatwa kazini, waweza kuichukua ukifika 50 kama umeacha kazi, si lazima ungoje 60. La pili, ukitoka kwa payroll ile asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, hakuna tena wa kukukatia, ni wewe mwenyewe ulipe, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na unalipa ya mwaka mzima kwa pamoja, sasa wengi hulisahau hili mpaka siku mtu wa nyumbani anaugua. Na ile elfu mbili kwa mwezi ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, msiipigie hesabu, ile ni ya waliofika 70, wewe wa 52 bado wewe ni kijana wao. Basi, pesa nimemaliza.

Mimi nataka kuongea kuhusu saa tatu asubuhi. Mfanyikazi wa serikali hutoka 60, zamani ilikuwa 55 mpaka 2009 walipobadilisha, na akitoka hukuta rika lake wote wako nje. Lakini sisi wengine wa huku tumetoka mapema, haswa tuliokuwa kwenye kliaringi, yaani kutoa mizigo ya watu bandarini, SGR, ile reli mpya, ilipoanza kubeba kontena kuzipeleka Nairobi kazi nyingi zikaondoka nayo, sasa kuna waliotoka kwa hiari na kuna waliotoka kwa hiari ya kusukumwa, mwajijua. Na ukitoka hivyo marafiki zako bado wako kazini, watoto wako shule, mji saa tatu asubuhi si wako. Nenda barazani saa hiyo uone ni nani yuko. Vijana wanatafuna majani yao ya muguka. Baraza ya wazee ni baada ya alasiri, na ile mi siikatazi kabisa, kahawa chungu na kashata na siasa za kaunti, hiyo ni afya. Lakini ukianza kukaa ya asubuhi, ya jioni itakukuta ushachoka na maneno.

Na nyumbani nako. Hapa kina baba mnisikize, kina mama wao wanacheka tayari, wanajua naenda wapi. Wewe miaka ishirini umetoka alfajiri ukarudi usiku, ile nyumba ina ratiba yake ambayo haikuhusu. Kuna jamaa yangu mmoja Majengo, mkewe anauza mahamri na mbaazi, biashara ya siku nyingi, ndiyo imesomesha watoto wakati mshahara wa bwana ulikuwa unachelewa. Unga anaukanda usiku kwa tui na iliki na hamira, unalala unaumuka, alfajiri anasukuma na kukata na karai iko motoni. Sasa bwana kastaafu, wiki ya kwanza kaingia jikoni. Anafunua sufuria. Anauliza mbona mbaazi zimetiwa nazi mbili, kwani moja haitoshi? Mbona mafuta haya hayajamwagwa? Akaleta na daftari, ati aandike matumizi! Yule mama hakumjibu neno, alichukua mbuzi ya kukunia akaiweka katikati ya jikoni, akampa nazi, akamwambia mume wangu kaa hapa.

Na mwajua, amekaa mpaka leo. Kazi yake ni nazi, anakuna, anakamua, tui zito mbali na tui la pili mbali, na lazima liwe tayari kabla wateja wa kwanza hawajafika, yaani watu wa tuktuk na wanaokwenda bandarini. Akichelewa mbaazi zinachelewa na mtaa mzima unajua ni nani. Mi naona huyu amepona kuliko wengi waliopewa mafao makubwa.

Sababu yangu ni hii. Watu wakistaafu hukuambia nina mipango, ntalima, ntasoma Kurani vizuri, ntatembea. Mpango hauna mtu nyuma yake. Ukilala leo hakuna wa kupiga simu kuuliza uko wapi, na kesho utalala tena. Kazini hukuwa na nidhamu zaidi ya sasa, ilikuwa kuna supavaiza tu. Kwa hivyo tafuta mtu mmoja, saa moja maalum, akungoje. Watoto wa jirani uwavushe barabara waende shule. Mzee asiyeona vizuri umpeleke msikitini. Kutembea pia, usitembee peke yako, kuna watu pale Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu asubuhi kabla jua halijawa kali, ingia kikundi, usipotokea watakuuliza. Na mwanga wa asubuhi unaurudisha mwili kwenye saa yake, haswa nyinyi mliofanya shifti za usiku, ambao saa nane usiku mko macho mnaangalia dari halafu mchana mnalala mpaka magharibi. Usingizi wa mchana uwe mfupi, baada ya adhuhuri, nusu saa basi, ukizidisha usiku utaulipa.

Sasa kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi. Ukishajulikana huna kazi, ukoo mzima unakuajiri. Shangazi anataka mtu wa kumpangia foleni Huduma Centre, kuna mazishi, kuna harusi, na wewe ndiye mweka hazina kila mara, fundi wa binamu yako anahitaji mtu wa kumsimamia, "mwambieni fulani si yuko tu". Mie nawaambia wazi, mazishi nenda, hayo hayana mjadala. Hayo mengine chagua siku mbili kwa wiki uwe mtu wa ukoo, na siku nyingine sema una miadi, na kama unakuna nazi basi hiyo ni miadi, huna haja ya kueleza.

Na wenzako walio kazini msiwakimbie kwa aibu. Wapigie Alhamisi, mkutane Ijumaa baada ya swala, wao ndio wenye habari za bandari na pengine za kibarua cha siku mbili tatu.

Haya, maswali. Yule mama wa leso nyekundu kainua mkono tangu nilipotaja daftari, tuanze na yeye.