Jengo la Kijani na Sura ya Mwajiri

Ndugu maofisa utumishi na wasimamizi wa majengo, karibuni. Leo tunazungumzia jengo la kijani, yaani linalojengwa kuokoa nishati na kulinda mazingira, na jinsi linavyojenga au kuharibu sura ya mwajiri machoni pa wafanyakazi wake.

Tuanzie Gigiri, Nairobi. Jengo la mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi lilifunguliwa Machi 2011, kwa wafanyakazi wapatao 1,200. Paa lake lina takriban mita za mraba 6,000 za paneli za sola. Ofisi hazitegemei viyoyozi: hewa huingia madirishani, ikishapata joto hupanda kupitia ukumbi wa kati na kutokea juu. Nairobi hilo linawezekana kwa sababu ya mwinuko wake. Dar es Salaam au Mombasa msiliige kichwakichwa, unyevu utawaumbua.

Lakini mfanyakazi hakai juu ya paa, anakaa mezani. Mwaka 2013 watafiti Altomonte na Schiavon walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 21,000 katika majengo 144, na 65 kati ya hayo yalikuwa na cheti cha LEED, cheti cha Marekani cha majengo ya kijani. Katika kuridhika na jengo kwa ujumla, cheti hakikuleta tofauti ya maana. Waliolipia cheti hawapendi kulisikia hilo.

Leaman na Bordass, watafiti wa Uingereza, nao waliona kwamba watu huvumilia zaidi kasoro za jengo la kijani. Kwa maoni yangu uvumilivu huo ni mkopo. Hudumu pale mtu anapoelewa jengo linavyofanya kazi na ana kitu cha kugusa: dirisha, pazia, swichi.

Kinachoumaliza upesi ni kelele. Dari la zege huachwa wazi linyonye joto mchana na kulitoa usiku. Vizuizi kati ya meza hufupishwa ili mwanga ufike ndani. Zege hurudisha sauti, kwa hiyo simu ya mkuu wa idara inasikika safu ya tatu. Hapo ndipo utasikia: "Bosi kaokoa umeme, masikio yetu ndiyo yanalipa." Msizibe dari, mtaua upoozaji. Ning'inizeni mbao za kunyonya sauti zikisimama wima, kwa nafasi, hewa iendelee kulifikia zege. Kisha tengeni vyumba vidogo vya simu.

La pili ni taa za kujizima. Kitambuzi cha mwendo kilichofungwa mlangoni hakioni vidole vinavyochapa. Mhasibu yuko katikati ya hesabu za mwisho wa mwezi, giza. Anapunga mikono kama anayesimamisha daladala. Kisogezeni juu ya meza, ongezeni muda wa kusubiri kutoka dakika 5 hadi 15 au 20, na muache swichi ukutani.

Dodoso kwa wafanyakazi lifanyike miezi 12 baada ya kuhamia, misimu yote iwe imepita. Ulizeni joto, hewa, mwanga, kelele, na kama malalamiko hushughulikiwa. Majibu yapangeni kwa upande wa jengo, maana wa magharibi wana jua la alasiri. Halafu bandikeni kilichorekebishwa na tarehe yake, pamoja na kilichoshindikana na sababu yake. Msipofanya hivyo, dodoso la mwaka unaofuata watalijaza wachache, na wengi wao watakuwa mameneja.