Mungu wa Maarifa na Dhambi za Watawa Wake

Ndugu zangu waandishi, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie watawa wa mungu wa maarifa katika hadithi za fantasia, nami nitaanza na swali ambalo wengi wetu hulipita: huyo mungu, je, anajua kila kitu?

Msijibu upesi, maana jibu ndilo litakaloamua watawa wenu ni watu gani. Ikiwa mungu anajua yote, vitabu vyao havimwongezei kitu. Maktaba ipo kwa ajili ya wanadamu, na mtawa anayekificha kitabu anawadhulumu wale aliotumwa kwao. Lakini ikiwa mungu anajua yale tu yaliyokwisha kuandikwa, mambo yanageuka. Kila ukurasa ni sehemu ya akili yake. Ukiungua, kuna jambo mungu amelisahau. Watawa wa mungu wa namna hiyo watamwaga damu ili mwandiko wa pekee usitoke nje ya kuta zao. Makundi haya mawili yanaweza kuvaa joho moja na kuimba sala moja, ila dhambi kubwa ya hawa ndiyo wajibu wa wale. Kwa hiyo nawasihi: mnapobuni utawa, anzeni na dhambi. Joho na mnara vitakuja vyenyewe.

Historia inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Babeli ya kale ilikuwa na mungu wa uandishi, Nabu, ambaye Biblia inamwita Nebo. Katika hekalu lake moja mjini humo wanaakiolojia walikuta vibao vingi vya udongo vilivyoandikwa na wanafunzi. Ni mazoezi ya shule, na baadhi yake yana ombi kwa Nabu ampe mwandishi maisha marefu. Tafakarini hilo. Kijana anayejifunza kuandika, mkono wake bado mzito, anapeleka zoezi lake hekaluni liwe sadaka. Mimi naona hapo pana ibada ya kweli kupita taratibu zote za mishumaa na minong'ono tunazozisoma.

Sasa tazameni upande wa pili. Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru katika karne ya 7 K.K., alikusanya huko Ninawi maktaba ambayo masalia yake ni zaidi ya vibao na vipande 30,000. Baadhi ya vibao hivyo vinamalizika kwa laana: atakayekiondoa, au kuandika jina lake mahali pa jina la mfalme, miungu ilifute jina lake na uzao wake katika nchi. Na maandishi ya elimu ya siri yaliwekewa onyo kwamba mwenye kujua amwonyeshe mwenye kujua, na asiyejua asione. Zoezi la mwanafunzi na mlango uliofungwa vilikaa pamoja katika ustaarabu mmoja. Basi hata utawa mmoja unaweza kubeba majibu yote mawili, na ugomvi ukazaliwa humo humo ndani, kati ya wazee wanaoheshimiana.

Kuna pia suala la vitabu vinavyokufa. Wayahudi wa Fustat, katika Kairo ya kale, hawakutupa maandishi yaliyobeba jina la Mungu. Waliyaweka katika chumba cha sinagogi ya Ben Ezra, na pamoja nayo barua, mikataba na hesabu za biashara, karne baada ya karne. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walianza kuyachunguza kwa dhati. Leo vipande vinavyojulikana vinapita 300,000. Wapeni watawa wenu maziko ya vitabu! Wapeni mtawa mmoja ambaye kazi yake ni kuvizika, naye peke yake anajua kilichomo kaburini.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni kosa. Mnakili anakuta katika maandiko matakatifu sentensi ambayo kwa macho yake mwenyewe anajua si kweli: nyota haiko pale, mto hauelekei kule. Akiirekebisha, amegusa neno la watangulizi. Akiinakili ilivyo, amemtolea mungu wa maarifa uongo, tena kwa mwandiko mzuri. Atafanyaje? Mimi ningewapa watawa wangu kitubio kimoja tu: aliyefundisha uongo awatafute wote aliowafundisha, hata wakiwa wametawanyika ng'ambo ya milima, na amwambie kila mmoja uso kwa uso. Mzee aliyefundisha miaka hamsini angeanza safari hiyo akijua haimalizi. Riwaya nzima imo humo.

Na shujaa wenu, atakapofika langoni akitafuta jibu, asipewe bure. Wale ambao mungu wao hajui yasiyoandikwa hawatamdai dhahabu. Watamdai jambo moja analolijua ambalo halimo maktabani mwao, waliandike mbele yake, na likishaandikwa halifutwi. Pengine jambo pekee la namna hiyo alilo nalo ni siri aliyoaminiwa na mtu ambaye bado yu hai, na bado anawindwa.