Pembea ya Idd Mtwara na mlima wa mbao wa Tivoli

Haya mnanisikia? Upepo unaingia kwenye maiki, ngoja nisogee huku ukutani. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi, watu wangu wa Mtwara wote, Ligula, Chikongola, Magomeni, Mikindani mpaka kule Msimbati, nawasalimu kutoka Copenhagen huku Denmark, na hizo taa mnazoziona nyuma yangu ndo Tivoli.

Juzi mtoto wa kaka yangu yuko huko Chuno kanitumia voisi, anasema shangazi wewe umekulia kwenye raha, ujana wako wote Tivoli, sisi huku hatuna kitu. Nimeisikiliza mara tatu ndani ya treni. Imenikaa hapa. Maana hayo maneno ya kwamba kwetu hakuna kitu nilishawahi kuyasema mimi mwenyewe, na leo nataka niyafute.

Kwa wasiojua, Tivoli ni bustani ya mabembea na michezo, iko katikati ya mji kabisa, ukitoka stesheni kuu ya treni unavuka barabara tu umefika. Imefunguliwa 1843, yaani Livingstone anapita Mikindani 1866 wenzetu hawa wanakuja kucheza hapa mwaka wa 23. Mlangoni unalipa kiingilio, halafu kila mchezo una hela yake, kwa hiyo unaweza ukaingia ukakosa cha kupanda ukabaki kuangalia wenzako, na mimi siku hizo zilikuwa nyingi tu.

Sasa turudi nyumbani. Mimi Mtwara nimeondoka nina miaka 11, mwaka 2003. Wa rika langu mnaikumbuka pembea ya Idd, ile ya kuzunguka, gurudumu kubwa la mbao lina visanduku vinne, halina umeme halina injini, ni watu wanalizungusha kwa mikono. Idd mosi ukishapata mkono wa Idd wako unaufunga kwenye ncha ya kitambaa, bibi anakwambia usimalize kwenye barafu za ukwaju, unakimbia na viatu vipya vinakubana na hujali. Mnapakiwa watoto watatu watatu kwenye kisanduku, yule kaka anafunga kamba mbele yenu, anaivuta mara mbili kuona kama imekaza, halafu anashika mbao ananing'inia nayo kwa uzito wake mwenyewe mpaka kisanduku chenu kinaanza kupanda. Na mbao inalia. Kwiii, inanyamaza, kwiii. Kule juu unaona bati za nyumba zote na kipande cha bahari upande wa Shangani, moyo unakuja mdomoni. Mimi mwaka mmoja nililia kule juu, nililia kweli, na yule kaka hakunicheka wala hakunigombeza, aliweka kiganja kwenye mbao inavyozunguka akaipunguza polepole polepole mpaka nikafika chini, kiganja cheusi kwa grisi, akaniuliza unashuka au nikuzungushe taratibu? Nikamwambia taratibu.

Baba alikuwa baharia, ndo aliyetuleta huku mimi na mama, na 2004 akanileta Tivoli mara ya kwanza. Mwaka huo huo walikuwa wamefungua Dæmonen, treni ya mchezo inayokimbia kwenye reli ya chuma, ina mita 28 kwenda juu na inakugeuza kichwa chini miguu juu mara tatu. Mimi nikagoma. Kilichonitisha sio urefu jamani, ni kwamba sikuona mtu, kijana kabonyeza kitufe na watu wakapotea. Baba akanishika mkono tukaenda upande wa pili kuna treni ya mbao inapita kwenye mlima wa kutengeneza, ipo tangu 1914, na ile mpaka leo breki yake iko mkononi mwa mtu. Anapanda nanyi treni hiyo hiyo, ameshika wenzo, ikishuka kwa kasi yeye ndo anaamua ipunguzwe wapi. Nikamwangalia mikono yake nikamwambia baba, kumbe na wao wana kaka wa pembea! Baba alinyamaza kidogo, akalipa. Na mbao zake nazo zinalia vile vile.

Nikiwa kama fomu two ya huko, miaka 14, 15, nilikuwa nasambaza magazeti alfajiri napata hela ya kadi ya mwaka. Ijumaa za kiangazi kuna muziki jukwaani na jua halizami mpaka saa nne usiku, tunakuja kundi zima la darasani. 2006 wakaleta zile pembea za minyororo za mita 80, wenzangu wote huko, mimi nachomoka kwenda kwenye mlima wangu wa mbao peke yangu. Siku moja mwenzangu akaniuliza, hivi kwenu mnazo hizi? Nikamjibu haraka haraka, kwetu hakuna kitu kama hiki.

Nilisema uongo. Ilikuwepo, nilipanda, nililia juu yake nikashushwa na mkono wa mtu. Niliona aibu ya mbao na kamba wakati nimekaa juu ya mbao hizo hizo na wazungu wanapanga foleni. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mwanangu wa Chuno, shangazi yako alianza kupanda pembea huko huko ulipo. Na nyie wengine naomba kitu kimoja, Idd ikifika kama pembea ya mkono bado inasimamishwa popote, Mtwara, Lindi, Masasi, nirekodieni dakika moja tu mnitumie, mrekodini na yule anayezungusha, mikono yake ionekane, ila msiweke muziki juu yake, nataka niisikie mbao.