Hapana jamani, sitafuti pasi ya Uingereza! Ukoo wa mume wangu na hela zilizonitoka

Haya wapendwa, karibuni tena, leo nimekaa hapa mezani na makaratasi yangu maana swali ni lilelile kila nikifungua koment: "Dada unahangaika na makaburi ya wazungu ya nini, unatafuta pasi ya Uingereza?" Na wengine, "kaolewa huko sasa anaturingishia ukoo wa mumewe." Naomba nijibu vizuri leo. Pasi ya Uingereza haipatikani kwa babu wa babu. Ile viza ya ukoo mnayoisikia ni ya raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye babu au bibi aliyezaliwa kule, na Marekani haimo, kwa hiyo mume wangu, Mmarekani, haimhusu hata kidogo. Nautafuta ukoo wa mume wangu kwa ajili ya watoto. Upande wangu wa Tanga wanawajua, bibi aliwakalisha mkekani akawahesabia mpaka kizazi cha sita. Wakiuliza upande wa baba wanaambiwa tu "tulikuja na Mayflower", basi, yameisha.

Na hilo la Mayflower ndilo lililoniletea maneno na wifi yangu. Ile ni meli iliyoleta walowezi wa Kiingereza Marekani, ilifika 1620 na abiria kama 102, karibu nusu yao walikufa kipindi cha baridi cha kwanza, na vizazi vya waliobaki vimeandikwa vizuri kabisa. Huu ukoo sijauona humo. Mimi nilianza na babu tunayemjua, nikawa narudi nyuma mtu mmoja mmoja, maana ukianza na jina kubwa la zamani ukashuka nalo utaishia kwenye ukoo wa watu wengine. Sensa ya Marekani ya 1880 nikamkuta mtu wetu Fall River, Massachusetts, mfumaji kwenye kiwanda cha pamba. Sensa ya 1900 inamuuliza mhamiaji aliingia mwaka gani, akajibu 1873. (Ya 1890 msijisumbue, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington wa 1921.) Kwa hiyo ni miaka 250 na ushee baada ya Mayflower! Wifi hakunisemesha toka Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya Novemba, mpaka Pasaka, akasema nimewashushia hadhi. Mfumaji ana ubaya gani jamani? Iliniuma sana, na mpaka leo Biblia ya familia yenye majina anayo yeye na hajanionyesha.

Sasa hela. Kuna tovuti moja inakupa siku 14 bure ila lazima uweke kadi, nikasahau tarehe, wakakata ya miezi sita yote, nimepiga simu nimesubiri dakika 40 naambiwa hairudi. Hela ile nilikuwa nimeitenga ada ya mdogo wangu. Kwa hiyo anzeni na tovuti ya FamilySearch, ni bure, na maktaba nyingi za mitaa huku zinakufungulia zile tovuti za kulipia bila kutoa senti, mimi hakuna aliyeniambia.

Halafu vyeti. Uingereza wameanza kusajili vizazi, ndoa na vifo kiserikali Julai 1837, kabla ya hapo unategemea daftari za kanisa, zilizoanza kuandikwa 1538. Mtu wetu anaitwa John na ubini wa kawaida kabisa, sitautaja, wakwe hawapendi mitandao. Wa jina hilo kule Lancashire, Uingereza, ni wengi mno. Niliagiza vyeti vitatu, pauni 11 kila kimoja wakati ule, nikangoja wiki na wiki, vyote vitatu si yeye, mmoja alikufa hajafika mwaka. Kosa langu nilivuka bahari kabla sijajua mji. Na makaratasi ya huku mengi hayasemi mji, orodha ya abiria imeandika "England" tu, karatasi zake za uraia hivyohivyo, maana kabla ya 1906 kila mahakama ilikuwa na fomu yake. Mke wake ndo usitafute kabisa, enzi zile mpaka 1922 mwanamke mgeni alipata uraia kupitia mumewe, hana faili lake.

Kilichonitoa ni ndugu yake. Jirani wa nyumba ya pili kwenye sensa alikuwa na ubini uleule, mdogo kwa miaka minne, nikamfuata huyo, nikapata ndoa yake kwenye daftari la Massachusetts, ambalo linaandika mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi wote wawili. Alizaliwa mji wa Oldham, hukohuko Lancashire. Nililia hapa jikoni, kweli. Nikafungua sensa ya Uingereza ya 1871 nikawakuta nyumba nzima, baba, mama, John na mdogo wake, na binti wa miaka 11 naye ameandikwa kiwanda cha pamba. Miaka 11, jamani, binti yangu ana umri huohuo.

Hii ni njia yangu mimi, wa kwenu wakiwa waliingia Virginia au New England miaka ya 1600 hakuna sensa ya taifa ya kukusaidia, ya kwanza ni 1790 na zote za kabla ya 1850 zinataja mkuu wa kaya tu, hapo itabidi wosia na hati za ardhi, na huko mimi sijapita, sitaki kumdanganya mtu.

Cheti cha nne nilichoagiza ni cha ndoa ya wazazi wao. Kwenye sahihi ya bwana harusi pana X, kwa bibi harusi pana X, pembeni karani kaandika kwamba hizo ni alama zao. Nilimpelekea mama mkwe, ana miaka 84, akavaa miwani akaziweka kidole moja baada ya nyingine, akaniuliza, "Kwa hiyo walikuwa hawajui kuandika?" Nikamwambia ndiyo mama. Akaniomba nimwachie.