Ini Halisomi Maandishi ya Chupa: Mhadhara kuhusu virutubisho vya ziada wakati wa matibabu ya saratani

Ndugu wagonjwa, ndugu mnaouguza, na wenzangu wa idara ya dawa,

Nimeombwa nizungumzie virutubisho vya ziada wakati wa matibabu ya saratani, nami nitaanza na mfuko. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa katikati ya tibakemikali ya saratani ya matiti, alifika dirishani kwangu kuchukua vidonge vya kuzuia kichefuchefu. Nilimuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, akajibu bila kusita kwamba hakuna. Nikaligeuza swali, nikamuuliza kama kuna chochote anachomeza au kunywa ili kuujenga mwili. Akacheka, akafungua mfuko, akapanga mbele yangu chupa saba. Hakuwa amenidanganya. Kwake yeye, na kwa wengi tunaowahudumia, dawa ni kile alichoandika daktari. Vilivyomo katika zile chupa saba vilikuwa chakula kilichokaushwa na kusagwa, basi.

Shabaha yangu leo ni kuuvunja huo ukuta baina ya dawa na kirutubisho. Mwili hauna mlango mmoja wa dawa na mwingine wa virutubisho. Kinachomezwa huingia tumboni, hufyonzwa, hupita katika ini, na ini halisomi maandishi ya chupa. Kwa hiyo swali la kama kirutubisho fulani ni kizuri au kibaya, ambalo ndilo ninaloulizwa kila siku, halina jibu mpaka tujue kinatumiwa pamoja na dawa gani, kwa kiasi gani, na katika hatua ipi ya matibabu.

Ninaposema virutubisho vya ziada nina maana ya vitamini, madini, mafuta ya samaki, dondoo za mimea, bakteria wa kusaidia utumbo na vingine vinavyouzwa kama vidonge, kapsuli, unga au matone. Sizungumzii chakula cha kwenye sahani. Tofauti kubwa iko katika kiasi: mtu mzima anahitaji takriban miligramu 75 hadi 90 za vitamini C kwa siku, na kiasi hicho hupatikana kwa urahisi katika matunda na mboga, lakini kidonge kimoja tu cha dukani aghalabu huwa na miligramu 1,000. Kitu kinachofanya kazi ya lishe kikiwa kidogo kinaweza kufanya kazi ya dawa kikiwa kingi.

Tuanze na ini lenyewe. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyozichakata dawa, na kimojawapo, kinachojulikana kwa jina la CYP3A4, hushughulikia dawa nyingi sana za saratani. Kuna mmea wenye maua ya njano, kwa jina la kitaalamu Hypericum perforatum, unaouzwa kama St. John's wort kwa ajili ya huzuni na kukosa usingizi, mambo ambayo mgonjwa wa saratani huwa nayo tele. Mmea huo hulichochea ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi, na matokeo yake ni kwamba dawa huvunjwa na kuondolewa kabla haijamaliza kazi. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa irinotekani, dawa ya tibakemikali, pamoja na mmea huo: kiasi cha kemikali ambayo ndiyo hasa huua seli za saratani kilishuka damuni kwa asilimia 42. Walikuwa wagonjwa watano tu, lakini tofauti ilikuwa kubwa kiasi cha kutotiliwa shaka. Kwa imatinibu, kidonge cha saratani ya damu, upungufu uliopimwa kwa watu wenye afya ulikuwa wa asilimia 30 hivi.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu katika utafiti huo wa Uholanzi kuna jambo linalonisumbua kuliko ile asilimia 42. Wagonjwa walipotumia mmea ule, seli zao za damu zilishuka kwa kiasi kidogo kuliko walipopewa dawa peke yake. Mgonjwa wa namna hiyo atarudi nyumbani akiwa na nguvu, atawaambia wenzake kwamba vidonge vile vimemsaidia kuistahimili tibakemikali, na atakuwa anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Asichokijua ni kwamba makali yamepungua kwa sababu dawa imepungua. Ushuhuda wa aina hii ndio unaosambaa haraka zaidi katika vyumba vya kusubiria, na hausemwi kwa nia mbaya.

Yapo pia yanayofanya kinyume, yanayokizuia kimeng'enya hicho hicho hadi dawa ikajaa damuni na kuwa sumu. Juisi ya balungi ndiyo mfano unaojulikana zaidi, ndiyo maana vikaratasi vya dawa kadhaa za saratani huitaja kwa jina.

Jambo la pili ni kundi linaloitwa antioksidanti, yaani vitu kama vitamini A, C na E, beta-karotini na seleniamu, vinavyozima chembechembe kali zinazoweza kuumiza seli. Husifiwa sana, na kwa mtu asiye mgonjwa hoja yake inasikika vizuri. Lakini tiba ya mionzi, na baadhi ya dawa za tibakemikali, huua saratani kwa kuzalisha chembechembe hizo hizo kali ndani ya uvimbe. Ngao ikimezwa kwa wingi haichagui seli ya kuikinga. Nchini Kanada wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye tiba ya mionzi waligawanywa, wengine wakapewa vitamini E ya yuniti 400 kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika kipindi cha kumeza vidonge, waliokuwa kwenye vitamini E walirudiwa na saratani au kupata saratani nyingine kwa kiwango cha juu kuliko wenzao. Haki inanitaka niongeze kwamba baada ya vidonge kusimamishwa mwelekeo uligeuka, na kwamba baada ya miaka minane idadi ya wasiopata saratani nyingine ilikaribiana katika makundi yote mawili. Sayansi ya eneo hili haijatulia, na atakayewaambia kwamba imetulia, kwa upande wowote ule, anauza kitu. Mimi naupima hivi: faida ya kumeza dozi kubwa wakati wa mionzi haijathibitishwa, na hasara inayoogopwa ni ya kurudiwa na saratani. Kwa mizani hiyo, vidonge vinasubiri.

Wala asidhani mtu kwamba vitamini haiwezi kudhuru. Nchini Finland wanaume 29,133 wanaovuta sigara walifuatiliwa ili kuona kama beta-karotini ingewakinga na saratani ya mapafu. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini waliugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa asidi ya foliki. Katika miaka ya 1940, mjini Boston, daktari Sidney Farber aliwapa watoto wenye saratani ya damu michanganyiko ya vitamini hiyo, akaona kwamba ugonjwa unakwenda mbio zaidi. Mwingine angekata tamaa. Yeye alifikiri kinyume, kwamba ikiwa vitamini hii inailisha saratani, basi kitu kinachoizuia kinaweza kuinyima chakula. Mwaka 1948 aliripoti kwamba kati ya watoto 16 aliowapa dawa ya kuizuia, iitwayo aminopterini, 10 walipata nafuu, japo ya muda. Kutokana na fikra hiyo tukapata methotreksati, ambayo tunaitumia hadi leo. Sasa fikirini mgonjwa anayepewa methotreksati kwa ajili ya saratani, huku nyumbani anameza asidi ya foliki ili kuongeza damu. Kwa mkono mmoja tunaziba, kwa mkono mwingine anazibua.

Lakini msiondoke na kanuni kwamba asidi ya foliki ni adui. Mgonjwa anayepewa kapesitabini, akiongeza asidi ya foliki, anaweza kupata madhara makali zaidi ya dawa hiyo, kama kuharisha na vidonda vya mdomo. Anayepewa pemetreksedi, kwa upande wake, analazimika kuimeza, mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku kuanzia kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na sindano ya vitamini B12 ya mikrogramu 1,000 kila baada ya wiki 9 hivi, na akiacha atadhurika vibaya. Vitamini ni moja, dawa ni tatu, na majibu ni matatu. Ndiyo sababu ushauri wa jirani aliyepona, hata akiwa mkweli na mwenye upendo, hauwezi kuhamishwa kutoka mwili wake kwenda wa mwingine.

Kuna vidonge ambavyo watu huvitumia ili kujikinga na madhara ya tibakemikali yenyewe, na hapo tahadhari inahitajika zaidi kwa sababu nia inaonekana kuwa ya busara. Asetili-L-kanitini ilidhaniwa kuzuia ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoletwa na dawa za jamii ya taksani. Ilijaribiwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya matiti, na matokeo ya mwaka 2013 yakaonyesha kwamba baada ya wiki 24 waliomeza kidonge hicho walikuwa na hali mbaya zaidi mikononi na miguuni kuliko waliopewa kidonge bandia.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mafuta ya samaki, dondoo ya ginkgo, vitamini E na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuchangia kutokwa damu, hasa kwa mtu ambaye chembe sahani zake, yaani zile zinazogandisha damu, zimeshushwa na tibakemikali. Kabla ya upasuaji madaktari wengi hutaka visimamishwe wiki mbili mapema. Vidonge vya bakteria hai havimfai mtu ambaye seli zake nyeupe zimeshuka sana, kwani vijidudu hivyo vimewahi kukutwa vikiwa vimeingia katika damu za wagonjwa dhaifu. Dondoo kali ya chai ya kijani imewahi kuumiza ini, na katika majaribio ya maabara na ya wanyama ilizuia bortezomibu, dawa mojawapo ya saratani, isifanye kazi. Na kile kinachoitwa vitamini B17 si vitamini hata kidogo: ni amigdalini, ambayo tumboni huachia sianidi. Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178, na ripoti ya mwaka 1982 haikuonyesha faida yoyote, ila dalili za sumu.

Nirudi kwenye zile chupa saba, maana tulizisoma moja moja, kwa miwani, mstari kwa mstari. Tatu kati yake zilikuwa na vitamini E. Moja iliitaja waziwazi, ya pili iliandika tokoferoli, na ya tatu iliificha katika mchanganyiko wa ngozi na nywele. Mama yule hakujua kwamba anameza kitu kimoja mara tatu. Hiyo ya nywele ilikuwa pia na biotini ya mikrogramu 10,000, ilhali mtu mzima anahitaji 30 kwa siku. Biotini kwa wingi huo ina kasoro ya pekee: inavuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya homoni za tezi ya shingo na vya moyo, hadi majibu yakatoka ya uongo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Daktari anaweza kuhangaika wiki nzima na jibu lisilo la kweli, kumbe chanzo ni nywele.

Kusoma maandishi nako kuna mpaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994, kwa mfano, haimtaki mtengenezaji wa virutubisho kuthibitisha usalama wala ufanisi kabla ya kuuza, kama inavyomtaka mtengenezaji wa dawa. Mchanganyiko wa mimea ulioitwa PC-SPES, uliopendwa na wanaume wenye saratani ya tezi dume, uliondolewa sokoni mwaka 2002 baada ya kukutwa na warfarini, ambayo ni dawa ya kuzuia damu isigande. Palikutwa pia homoni ya kutengenezwa maabara. Hakuna aliyeviandika kwenye chupa.

Kwa wenzangu wahudumu nina neno, na nalisema nikijihesabu miongoni mwao. Tukimkaripia mgonjwa na kumwambia atupe kila kitu, hatatupa, ataficha. Mtu aliyeambiwa ana saratani hutafuta kitu kimoja ambacho ni chake, anachokimeza kwa uamuzi wake mwenyewe, na hilo si ujinga. Tumuulize anatafuta nini katika chupa ile. Akisema nguvu, tupime damu, tuangalie madini ya chuma, vitamini D na B12, na pale upungufu unapothibitika tumpe kirutubisho kwa kipimo na kwa muda maalumu. Katika zile saba, vitamini D ilibaki, kwa sababu kipimo kilionyesha inahitajika. Sita tuliziweka kando, na sababu ya kila moja nilimwandikia.

Nanyi wagonjwa, leteni chupa zenyewe, wala msitegemee kumbukumbu, na mzilete kabla ya kuanza badala ya baada. Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa ya manjano, damu ikitoka bila sababu au homa ikipanda, msingoje siku ya kliniki. Na neno "wakati wa matibabu" lisichukuliwe kuwa linaisha dripu ya mwisho inapotolewa. Mionzi huendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa baada ya kikao cha mwisho, na anayemeza tamoksifeni kwa miaka 5 au 10, au imatinibu kwa miaka mingi, bado yumo katika matibabu hata kama nywele zimeota na amerudi kazini. Kwake yeye, kila chupa mpya inapitia kwanza dirishani kwetu.