Umeme Ulipoingia Isan

Ndugu wasikilizaji, kabla sijasema mengi naomba tusikilize kitu kwa dakika moja.

(Ikapigwa sauti ya khaen, ala ya mianzi ya kupulizwa.)

Mmehesabu wapigaji wangapi? Huku mbele nasikia watatu, kule nyuma wanne. Ni mtu mmoja, na anapiga kwa kinywa. Kipande hiki huigiza gari moshi: mmesikia linavyoondoka polepole, likachanganya mwendo, likapiga honi. Khaen ina mirija 16 ya mwanzi iliyopangwa jozi 8. Ndani ya kila mrija mna ulimi mwembamba wa madini, na mpigaji akivuta pumzi unalia, akitoa pumzi unalia, kwa hiyo sauti haikatiki. Mrija hulia tundu lake likizibwa kwa kidole. Sasa angalieni ufundi wa watu hawa: mpigaji huchukua kipande cha nta nyeusi, waiitayo khisut, akabandika kwenye tundu moja au mawili. Mrija ule utavuma tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na vidole vyake vinabaki huru kucheza juu yake. Uvumi huo wa chini naomba mwushike masikioni, maana tutaurudia.

Nchi ya khaen ni Laos, pamoja na Isan, yaani mikoa 20 ya kaskazini mashariki mwa Thailand. Mwaka 1893 Wafaransa waliichukua ng'ambo ya mashariki ya mto Mekong, Siam, yaani Thailand ya zamani, ikabaki na ya magharibi. Ndiyo maana leo wasemaji wa Kilao walioko Thailand ni wengi kuliko walioko Laos kwenyewe. Na muziki wao ulikuwa na nguvu zake zamani: mwaka 1865 Mfalme Mongkut wa Siam aliipiga marufuku khaen ya Kilao mjini Bangkok, kwa kuhofia kwamba watu wanaziacha ngoma za Kithai.

Mwimbaji wao huitwa mo lam. Mo ni fundi, bingwa. Hata daktari ni mo. Lam ni kughani, lakini kughani kwa namna ambayo sisi hatuna. Kilao ni lugha ya toni. Silabi "ma" ukiisema kwa toni moja ni kuja, kwa nyingine ni mbwa, kwa nyingine tena ni farasi. Basi mo lam hawezi kujitungia mahadhi apendavyo. Neno lenyewe ndilo linalomwambia apande au ashuke, na mahadhi yanazaliwa palepale mdomoni. Katika lam klon, mwanamume na mwanamke hushindana kwa mashairi usiku kucha, kila mmoja na mpiga khaen wake. Wanaulizana mafundisho ya Buddha, wanachokozana kwa mapenzi, na alfajiri ikikaribia mahadhi yanakuwa marefu na ya huzuni, maana wakati wa kuagana umefika. Kichwa cha mtu mmoja hubeba maelfu ya beti. Mimi jambo hili linanisisimua kila nikilisimulia.

Halafu vikaja vita vya Vietnam. Marekani iliweka ndege zake Udon, Ubon, Nakhon Phanom na Korat, na magitaa ya umeme yakasikika mpaka vijijini. Aliyefaidika kwanza ni phin, ala ya nyuzi, mara nyingi tatu. Phin ni mti na waya; weka sumaku chini ya nyuzi kama kwenye gitaa, kazi imekwisha. Mjini Ubon, kundi la Phet Phin Thong na mpigaji wake Thongsai Thapthanon waliivumisha phin ya umeme miaka ya 1970. Khaen haikuwa na bahati hiyo. Inaishi kwa pumzi, na aliyeitengeneza ndiye aliyeipa sauti zake. Mpigaji hawezi kuzibadilisha jukwaani.

Miaka ya 1980 ikielekea ukingoni ikazuka lam sing, na jina la Ratri Si Wilai halikosekani katika habari hiyo. Sing ni neno la mashindano ya mbio, la vijana wa pikipiki. Dramu, gitaa la besi na kinanda vikapanda jukwaani, mwendo ukaongezeka, watu wakacheza. Kuna wanaosema umeme uliua muziki huu. Sikubaliani nao: muziki ulioweza kulimeza gari moshi kwa mianzi hauogopi spika. Ila sitaficha kinachoniuma. Mwendo ule wa kasi unabana hoja. Yale majibizano marefu, swali la saa nne usiku lililojibiwa saa tisa, yamepungua sana, na vichwa vilivyoyabeba vinazeeka.

Lakini sikilizeni hii ya pili. Ni phin ya umeme katika maandamano ya sherehe, mfano wa yale ya kundi la Khun Narin la Lom Sak, mkoani Phetchabun: spika zimepangwa juu ya mkokoteni kama mnara, ngoma zinafuata nyuma, wanakijiji wanacheza barabarani. Msiufuate uzi unaokimbia juu. Shukeni chini yake. Kuna uzi mwingine unaopigwa wazi, haubadiliki, hauachi kuvuma. Ndiyo ile nta nyeusi.

(Ikapigwa.)