Usiioshe Kabla Hujaisoma: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ufundi Magari

Asanteni, kaeni. Mwalimu wenu ameniomba nieleze namna ya kuunda upya gia boksi ya manyuali ya gari la kasi, na nimechagua ile ya gia tano ya Subaru Impreza WRX kwa sababu hiyo ndiyo inayoletwa gereji kwangu zaidi kuliko nyingine yoyote. Klachi mnaijua, gia mnazijua, sitarudi huko. Nina jambo moja ambalo nimelisema gereji, nimelisema kwenye harusi, nimelisema msibani watu wakinitazama vibaya, na leo nalisema tena: usiioshe gia boksi kabla hujaisoma.

Najua mnavyofanya, maana na mimi nilifundishwa hivyo. Mteja anakuja, anasema gia namba tatu inalia. Boksi inashushwa, inapasuliwa, na kabla fundi hajatazama chochote, kijana ameshatumwa na kidumu akalete petroli. Baada ya nusu saa kila kipande kinang'aa juu ya gunia. Pale pale mmeshapoteza nusu ya habari mliyokuwa mnaihitaji. Zile chenga, ule ujiuji mweusi, ile rangi ya oili, vyote vilikuwa vinawaeleza boksi imeumia wapi na imeanzia wapi, nanyi mmevimwaga mtaroni.

Nitawapa kisa kimoja na nitakieleza chote. Nilipokuwa na muda mfupi tu tangu nijitegemee, aliniletea Impreza kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi bandarini. Gia namba tatu ilikuwa imeng'oka meno manne. Nikafungua, nikaosha, nikatafuta gia ya tatu na mwenzake, maana zinabadilishwa jozi, nikafunga. Akaondoka amefurahi. Wiki ya tano akarudi anavutwa kwa kamba. Gia namba tatu tena.

Nikasema papo hapo, bila hata kuinama chini ya gari, "Kaka, umeichapa." Akanijibu taratibu: "Fundi, nimekwenda Chalinze na kurudi mara mbili, na mara zote mama alikuwa ndani ya gari." Nilinyamaza. Hakuna mtu anayechomoka kwenye taa za barabarani kwa resi elfu tano na mama yake amekaa kiti cha mbele.

Safari hiyo sikuosha. Nilimwaga oili kwenye beseni jeupe, nikaichuja kwa kitambaa cheupe, nikatoa sumaku ya nati ya chini nikaiweka kando kama ilivyo. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikatazama. Kwenye sumaku palikuwa na ujiuji wa kijivu, laini kama masizi yaliyochanganywa na mafuta. Huo ni wa kawaida, kila boksi inao. Palikuwa na vipande vya meno: vizito, vyenye pembe, sura ya kokoto iliyopasuliwa. Hivyo pia nilivitarajia. Lakini kwenye kitambaa palikuwa na kitu cha tatu. Vipande vyembamba, bapa, vinang'aa upande mmoja na upande wa pili vimefifia, kama magamba ya samaki mdogo. Jino la gia halivunjiki hivyo. Magamba kama yale yanatoka kwenye njia ya beringi, pale chuma kinapochoka na kuanza kubanduka ngozi.

Nikaishika ile gia mpya niliyoifunga mwenyewe wiki tano nyuma, nikatazama meno yaliyobaki mazima. Jino zuri linakuwa na alama ya kugusana katikati ya uso wake, pana, imetulia. Haya yalikuwa yameguswa nchani tu. Shina la jino lilikuwa bado na rangi ya kiwandani. Maana yake shafti mbili zilikuwa zinaachana, gia zinashikana kwa ncha za meno, na nguvu yote ya injini inabebwa mwishoni mwa jino badala ya katikati. Chukua fimbo uichomeke ardhini, uisukume karibu na udongo, kisha uisukume kule juu. Utaona ni wapi inavunjika kwa urahisi. Kilichoziruhusu shafti kuachana ni beringi iliyochoka, na beringi hiyo ndiyo niliyoiosha vizuri kwa petroli, nikaipaka oili, nikairudisha ndani kwa mikono yangu. Nilimtengenezea yule kijana bila kumdai hata shilingi, na tangu siku hiyo kwenye gereji yangu petroli hainunuliwi mpaka mimi niseme.

Sasa naona kuna mtu pale nyuma anataka kuniambia: mzee, boksi hiyo dunia nzima inajulikana kuwa ni ya kioo, hata ungefanya nini itavunjika. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi na inanichosha. Ni kweli, ina udhaifu. Nyumba yake ni ya aluminiamu, imegawanywa vipande viwili kwa urefu, kushoto na kulia, na shafti zote mbili zinalala katikati ya mpasuo. Meno yanaposukumana, shafti zinataka kutengana na nyumba inapanuka kidogo. Injini ya EJ20 yenye tabo, ile ya WRX ya mwaka 2002 iliyouzwa Marekani, inatoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 290 kama ilivyotoka kiwandani, na vijana wetu wanaongeza busti, ule msukumo wa hewa ya tabo, siku ya pili baada ya kulinunua gari. Lakini hoja hiyo ya kioo imekuwa kichaka cha kujifichia. Fundi akifunga vibaya, ni kioo. Akisahau kupima, ni kioo. Zipo boksi hizo hizo zinazotembea hapa mjini ambazo hazijafunguliwa tangu zitoke Japani. Ukiambiwa kitu ni dhaifu, unatakiwa ukifunge kwa uangalifu zaidi.

Na msinitajie Safari Rally. Colin McRae alishinda Safari na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru wa Kenya aliifikisha Impreza nafasi ya nne mwaka 1994, na mimi naipenda historia hiyo kuliko ninyi nyote humu. Lakini yale magari ya timu ya kiwanda ya 1997 na 2000 yalikuwa na gia boksi za mashindano, na mafundi waliokuwa wakiyasubiri njiani na spea mpya. Nyota sita kwenye nembo ya gari lako hazikuletei boksi ile.

Turudi kwenye kazi. Ukishasoma chenga, soma sinkronaiza, yaani zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia na shafti, na hapa nataka mtazame kwa karibu. Nimeshika ringi mbili za shaba. Kwa mbali ni mapacha. Sogea. Ndani ya hii kuna mistari myembamba imezunguka kama uzi wa nati. Kazi ya mistari hiyo ni kukata utando wa oili, ili ringi iikamate koni ya gia na kuilazimisha izunguke kwa mwendo mmoja na shafti kabla kucha, vile vijino vya pembeni vinavyoifunga gia, hazijaingia. Sasa tazama hii ya pili. Mistari imelala, ndani pameng'aa kama pete ya ndoa. Fundi asiyejua ataipenda hii inayong'aa, ataitupa ile yenye mikwaruzo. Hii inayong'aa imekufa. Inateleza juu ya oili, haikamati, na dereva anasikia krrr kila akiingiza gia.

Jaribio lake halihitaji hela. Paka koni oili, weka ringi, ibane kwa vidole, kisha jaribu kuizungusha. Ikikamata, ina uhai. Ikizunguka kama mfuniko wa chupa, imekwisha. Halafu pima kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, ule mwanya kati ya ringi na gia, kuzunguka pande zote, ulinganishe na kitabu cha gari. Mwanya ukiwa umepungua kuliko kipimo, ringi imelika, hata kama inakamata leo. Tazama pia kucha. Zinatakiwa ziwe na ncha kama paa la nyumba. Zikiwa zimeviringika kama kidole gumba, ringi mpya peke yake haitakusaidia.

Difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele. Kwenye gari hili iko ndani ya boksi hiyo hiyo, na wengi wanaisahau mpaka ianze kuvuma. Beringi zake zinashikiliwa na vile vifuniko viwili vya pembeni vyenye uzi. Kabla hujavifungua, piga alama na hesabu mizunguko, kushoto na kulia kando kando, uandike kwa kalamu. Msiniambie mtakumbuka. Wakati wa kufunga, plei, yaani mwanya kati ya meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (ile ndogo inayoizungusha), iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18, na hiyo inapimwa kwa dayo geji, ile saa ya kupimia vipande vya milimita. Haipimwi kwa sikio wala kwa kutikisa. Nimeona fundi mzima, mwenye nywele nyeupe, akiitikisa krauni kwa mkono na kusema "iko sawa". Milimita 0.05 ya tofauti mkono wa binadamu unaijuaje?

Kwa sababu difu iko humo ndani, suala la oili linakuwa na kona ambayo watu wengi hawaioni. Kuna wanaosema weka oili ya daraja la GL-4, maana ile ya GL-5, yenye dawa nyingi zaidi za kukinga meno, inakula shaba. Wana chembe ya ukweli: baadhi ya oili za GL-5 zina dawa zisizoelewana na shaba, na nyingine zinateleza mno kwa sinkronaiza. Lakini krauni na pinioni za gari hili meno yake yanasuguana kwa kuteleza chini ya shinikizo kubwa, na bila dawa za GL-5 yataungua. Ukiweka GL-4 umeiokoa ringi na umeiua difu, ambayo bei yake mnaijua. Nunua GL-5 75W-90 iliyoandikwa kwamba inafaa sinkronaiza, lita 3.5, basi.

Mwanya wa muda unapungua, mwalimu ananionyesha saa. Mteja atakuuliza: kwa nini nisinunue tu boksi ya Japani iliyotumika? Anaweza, na mara nyingine ni busara. Lakini mwambie mambo mawili. Kwanza, nayo ilishaishi maisha yake huko. Imwage oili na uisome kwanza, kama hii. Pili, soma namba ubavuni. Zinazoanza na TY75 ni za gia tano, TY85 ni za gia sita, na herufi zinazofuata zinatofautisha uwiano wa difu, yaani pinioni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Kuna za 3.9, kuna za 4.111, kuna za 4.444. Mbele na nyuma lazima vilingane. WRX nyingi zilizouzwa Marekani kati ya 2002 na 2005 zina 3.9 mbele na 3.545 nyuma, na mtu akiziona namba hizo anashtuka, kumbe kuna gia ya kati yenye uwiano wa 1.1, na 3.545 mara 1.1 inarudi pale pale 3.9. Ukichanganya 4.111 na 4.444, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inalazimika kuteleza kila mita gari linapotembea. Inachemka, inakaza, na mteja anarudi analia kwamba gari linagoma kukata kona.

Mengine nayapitisha haraka. Beringi ikiingia kwenye shafti, presi isukume ringi ya ndani. Ukisukuma ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na umeiharibu ikiwa mpya. Usitenganishe nusu mbili za nyumba kwa bisibisi, ile sehemu haina gasketi ya karatasi, inazibwa kwa gundi, na mkwaruzo mmoja unavuja milele. Badilisha sili zote, hata iliyo nzima. Rilizi beringi na klachi angalia boksi ikiwa chini, usingoje ipande. Waambieni madereva waondoe mkono juu ya liva ya gia wakitembea, uzito ule unakwenda kwenye uma, kile kipande kinachosukuma gia iingie, na uma unasugua kutwa nzima. Kuhusu shimu, zile washa nyembamba za kurekebisha nafasi, nilitaka kusema mengi, lakini nimekula muda wote kwenye kisa changu, na sijutii.

Pale mezani, chini ya lile turubai, kuna boksi ya WRX iliyoingia kwangu juzi. Inaruka gia namba nne. Oili yake iko kwenye beseni, kitambaa kipo, sumaku ipo, na sijaigusa. Njooni watano watano, mwenye kalamu aje na kalamu. Na wewe kijana uliyesimama mlangoni, hilo dumu la petroli liache nje.